Kunde Ng'ambo ya Ukuta

Mume wangu alizikwa Jumatano, na kuanzia Jumatano ile mimi nikawa mtu wa uani. Eda ni miezi minne na siku kumi. Mjane hatoki, hajipambi, hajipaki manukato, anakaa ndani ya ukuta wake anamwombea marehemu. Hayo nayajua tangu utoto, nilimwona mama yangu akikaa eda na shangazi zangu wawili wakikaa. Nilichokuwa sikijui ni kwamba miguu haina habari na eda. Yangu imezoea shamba. Kufikia siku ya nane nilikuwa naufagia uwanja mara tatu kabla ya chai, mpaka binti yangu akanishika mkono.

"Mama, huku siyo kufagia. Unachimba."

Nikatazama chini ya ufagio. Kweli, saruji iliyopasuka ilikuwa imemeguka, pana kishimo.

Kabla sijafika mbali niseme jambo moja. Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani, ya kwao na ya baba zao, hata la mtu aliyetuuzia jembe mwaka niliozaa mtoto wa kwanza. Darasani nilikaa miaka miwili tu, vilivyobaki nimevishika kwa kichwa. Lakini hapa sitayaandika. Waliokufa hawawezi kunikatalia, na walio hai watanigombeza. Nitawaita kwa udugu wao, inatosha.

Nyumba ni ya binti yangu, iko Chikongola, Mtwara mjini, nyuma ya maduka. Tulihamia hapo mimi na mzee wangu alipoanza kuumwa, ili awe karibu na hospitali. Kwetu hasa ni kijijini, huko mto Ruvuma unakokutana na bahari, mahali ambapo ukichimba kisima karibu mno na mto unapata chumvi. Huko tuna mikorosho, tuna mihogo, na katikati ya mihogo kila mwaka napanda kunde. Napanda, nilitaka kusema nilikuwa napanda. Mwaka wa kwanza wa ugonjwa sikupanda. Mwaka wa pili sikupanda. Huu ulikuwa wa tatu.

Kunde hizo si hizi nyeupe za sokoni zenye jicho jeusi. Zangu ni nyekundu iliyokolea na jicho lake jeupe. Mama yangu alivuka nazo kutoka ng'ambo, upande wa Msumbiji, wakati wa vita, amezifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hirizi ya mtoto. Mtoto huyo ndiye mimi. Alizipata kwa mama yake, naye kwa mama yake. Nilipoolewa nikapewa zangu kwenye chupa ya dawa, ile ya kioo cha kahawia, zimechanganywa na majivu ya jikoni ili wadudu wasiingie. Majivu yanabadilishwa kila msimu. Mtu akiwa anauguza, nani atakumbuka majivu?

Siku ya tatu ya msiba, watu wamejaa uani, chupa ile ilichukuliwa. Aliyeichukua ni jirani yangu wa ukuta, Mmakua, rika langu, mtani wangu. Asiyejua utani wa Wamakua na sisi Wamakonde aelewe: mtani ana ruhusa. Msibani nyie mnalia, yeye anacheka. Anavaa kofia ya marehemu, anamwigiza alivyokuwa anakohoa, anachukua kitu cha nyumba na hamumrudishii neno mpaka mkigomboe. Na jambo jingine, ambalo ndilo lililonitesa mimi: neno la mtani halishikwi. Kazi yake ni kukuvuruga.

Basi akasimama katikati ya watu, chupa juu. "Huyu bwana ameondoka hajaniaga, mimi mtani wake! Nachukua haki yangu."

"Weka hiyo chupa," binti yangu akasema, lakini kwa kucheka, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa.

"Nileteeni ubwabwa na nyama isiyo na mfupa."

Wakampelekea sinia. Akala polepole kwa makusudi. Alipomaliza akafungua chupa, akamimina kunde kiganjani, akazifunga kwenye pindo la kanga yake mbele ya macho yangu, akanirudishia zilizobaki. "Hizi za kushushia," akasema. Watu wakaangua kicheko. Mimi sikuwa na akili ya kukasirika.

Wiki mbili baadaye akili ilirudi. Nikamwaga chupa kwenye ungo. Wadudu walikuwa wamefanya sherehe humo. Kunde nyingi zilikuwa ganda tu, ukizibonyeza zinatoa unga. Nikachagua moja moja, juani, mpaka shingo ikauma. Nzima zilikuwa arobaini na moja. Na mbegu ya kunde ikishalala mwaka wa tatu huwezi kuiambia ilale tena. Ilibidi nipande sasa, katikati ya kiangazi, mvua imeshakata, nami sina ruhusa ya kuvuka geti.

Binti yangu hakuona tatizo. "Kunde zimejaa sokoni, Mama. Nitakuletea debe."

"Hizo si hizi."

"Kwani za kwako zina nini?"

Nikaugeukia ungo wangu, kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa linamhusu. Yeye na ndugu zake walishazungumza. Nilisikia: Mama asirudi kijijini peke yake, abaki mjini, shamba apewe mtu alitunze. Walisema kwa mapenzi, siwalaumu. Lakini nilijua nikiwa na mbegu yangu mkononi, mvua za kwanza zikinguruma hakuna wa kunizuia, nitasema nakwenda kupanda na kupanda hakusubiri kikao. Nikiikosa, nitarudi kufanya nini? Kukaa kibarazani kutazama watu wakilima kwangu? Mbegu ile ndiyo ilikuwa nauli yangu. Ikifa, na mimi nimehamia Chikongola.

Ndipo nilipoanza kukusanya vyombo. Uani kwa binti yangu ni sakafu ya saruji, hakuna pa kuchomeka hata mche wa muhogo. Nikatangaza kwa kila aliyekuja kunipa pole kwamba pole naipokea, lakini alete na ndoo. Zikaja ndoo za rangi, madumu ya mafuta yaliyokatwa ubavu, sufuria zilizotoboka, tairi, pipa lililopasuliwa katikati likawa mitumbwi miwili, na mifuko ya salfa, ile dawa ya mikorosho, maana mkoa huu mfuko wa salfa hautupwi. Nilihesabu vyombo sitini na viwili. Vyote nikavitoboa chini kwa msumari wa moto. Mchanga waliniletea kwa toroli, nikauchanganya na samadi ya mbuzi na maganda ya mihogo yaliyooza.

Kunde nilizipanda kwenye beseni kubwa la bluu. Ni lile nililokuwa namwogeshea mzee wangu miaka miwili. Binti yangu alipoliona limejaa udongo akageuza uso.

"Mama, hata hilo?"

"Ni pana," nikasema. "Kunde zinapenda kukaa pamoja."

Maji ya bomba yanatoka siku yanapotaka. Kwa hiyo hakuna tone lililokwenda bure: ya kuoshea mchele, ya kunawia, ya udhu. Nilikuwa natawadha nimeinamia beseni, maji yanateremka kutoka mikononi kwenda kwenye mizizi. Chupa za maji za plastiki nilizitoboa tundu moja la sindano, nikazifukia kichwa chini pembeni ya kila shina, zidondoshe maji kidogo kidogo juani. Mchicha uliitikia upesi. Bamia zikafuata, nyanya chungu, matembele yakateremka kwenye tairi mpaka sakafuni. Majirani walikuwa wanakuja kuchuma, wanasema mjane huyu ana mkono. Lakini mimi nilikuwa napita kati ya ndoo kama mtu aliyepoteza ufunguo. Natoka kwenye pipa naenda kwenye beseni, natoka kwenye beseni naenda getini, nageuka. Nikikaa, goti linacheza lenyewe. Kati ya kunde arobaini na moja, zilizoota ni kumi na saba.

Mtani alikuwa ananisalimia juu ya ukuta, yaani sauti yake, kwa sababu ukuta ule unatuzidi sote wawili.

"Mtani! Zako ngapi?"

"Kumi na saba. Zako?"

"Nilizipika na nazi."

"Muongo."

"Zilikuwa tamu. Nimebakiza tatu nikazipanda, nione Mmakonde anachokililia ni nini."

Kesho yake ananiambia zimeota zote tatu. Keshokutwa anasema kuku kazifukua. Siku nyingine anasema zimefika kiunoni, anauliza mimi zangu zimefika wapi, au bado zinakaa eda kama mimi. Nikaacha kumsikiliza. Nilikuwa na kumi na saba zangu, naziona kwa macho.

Zilikuwa zimeanza kutoa maua nilipoona weupe. Ilikuwa asubuhi, nimeinama natawadha. Juu ya majani, unga mwembamba mweupe. Mtu wa Mtwara akiona unga mweupe kwenye jani hahitaji kuuliza. Ni ubwiri. Ubwiri unga ndio unaoua maua ya mikorosho, na dawa yake ni salfa, na msimu wa salfa ndio ulikuwa huo huo, mji mzima unanuka kiberiti. Miaka zaidi ya arobaini nilikuwa nambebea mzee wangu salfa. Anaamka alfajiri, anapuliza mikorosho ikiwa na umande ili unga ushike. Nilidhani najua kila kitu. Stoo kulikuwa na nusu mfuko wake, ameufunga mwenyewe kwa kamba ya mkonge, fundo lake. Nikalifungua.

Nikanyunyiza maji kwenye majani, ndiyo umande wangu. Nikatia salfa kwenye kitambaa, nikakung'uta juu ya beseni mpaka kunde zote zikawa za manjano. Nikaongeza, nisije nikaonekana mchoyo. Nikajisikia vizuri. Siku ile ndiyo siku pekee katika eda yote niliyokaa kwenye mkeka nikamaliza chai nzima.

Saa saba jua lilikuwa limesimama juu ya sakafu ile ya saruji, bati linalirudisha, uani pamekuwa tanuri. Nilipotoka kuswali nikaona majani yamejikunja. Alasiri yalikuwa ya kahawia kwenye ncha, maua yamelala kwenye udongo. Nikayaosha kwa maji ya kunywa, ndoo nzima. Siku ya tatu yake ukiyagusa yanavunjika kama tumbaku. Jani la mkorosho ni gumu kama soli ya kiatu, nao ni mti, una kivuli chake. Kunde ni mtoto mchanga. Nilimpaka mtoto mchanga dawa ya ng'ombe, na kumi na saba zote zikaenda.

Sikulia. Nilishalia ya kutosha tangu msiba. Ila nilishindwa kabisa kukaa. Binti yangu akiondoka kwenda kazini kwake bandarini ananiacha nimesimama, akirudi ananikuta nimesimama mahali pengine. Maana sasa mbegu yote ya mama yangu, kama ipo, ilikuwa upande wa pili wa ukuta, na habari zake zinatoka kwenye kinywa cha mtu ambaye kazi yake ni kunidanganya.

"Mtani," nikamwita. "Zile kunde zako tatu zikoje?"

"Mbuzi walikula."

"Mtani, leo usinitanie. Zangu zimekufa."

"Nimesikia. Umezipulizia salfa kama unataka kuzipeleka kwenye mnada wa korosho." Akacheka. "Za kwangu mbuzi walikula, shina na jani. Wamezipenda sana."

Kesho yake nikamuuliza tena, akasema mbuzi. Keshokutwa, mbuzi. Kwa mara ya kwanza alikuwa anasema neno moja siku tatu mfululizo, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mtani anayerudia jambo huenda anasema kweli.

Kutoka geti letu mpaka mlango wake ni hatua kumi na nne, nilishazihesabu zamani, wakati nikienda kumwomba chumvi. Nilisimama getini. Mtaani hakuna mtu, saa ile ya joto hata mbwa wanalala. Nikatoa mguu mmoja, kandambili likagusa mchanga wa nje. Nani angejua? Nikasema moyoni, ni dakika moja, si starehe, naenda kutazama mmea. Halafu nikamkumbuka mzee wangu mwaka ule nilipojifungua kwa shida, alivyokaa nje ya mlango wa wakunga siku mbili hali, hanywi, anaitwa aende akapumzike anakataa. Mimi siku hizi chache za ndani ya ukuta ni zake, hana nyingine za kunidai. Nikaurudisha mguu. Lakini sikuurudisha kwa amani, niseme ukweli. Niliurudisha nimekunja ngumi.

Ukuta, hata hivyo, uko ndani ya eda. Hakuna aliyesema mjane asipande juu ya ndoo.

Nikamwaga udongo wa ndoo mbili zilizokwisha mchicha, nikazigeuza, nikaweka moja juu ya nyingine chini ya ukuta. Nilijifunga kanga kiunoni kama ninayekwenda kupalilia. Nikapanda. Ndoo zikayumba, nikashika ukingo wa matofali kwa viwiko, nikainua kidevu.

Mtani alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo. Mbele yake kulikuwa na dumu la njano lililokatwa ubavu, na kutoka kwenye dumu mashina matatu yamepanda kwenye kamba ya kuanikia nguo yakaenda mpaka mwisho wa kamba. Nguo zenyewe alikuwa amezianika juu ya paa la choo. Maganda yalikuwa yananing'inia, mengine ya kijani, mengine yameanza kukauka. Alikuwa na kitambaa chenye maji. Anafuta jani, analigeuza, anafuta na chini yake, anahamia lingine. Taratibu. Mdomo unacheza, anayasemesha.

Sikutoa sauti. Sijui alijuaje.

"Shuka, ajuza," akasema bila kugeuka. "Ukivunjika kiuno nani atakuogesha? Mimi siogeshi Wamakonde."

"Uliniambia mbuzi."

"Ndiyo. Ningekuambia zipo, ungetulia? Ungetoka kwenye geti siku hiyo hiyo, watu wakuseme, na bwana yule akuseme huko aliko." Sasa akageuka, mkono wa kitambaa kiunoni. "Niliona kandambili lako juzi. Nilikuwa dirishani. Nikasema akitoka leo nazing'oa zote, wallahi."

"Unafuta nini?"

"Vumbi. Hujaona wanajenga kule mbele, malori ya saruji yanapita kutwa? Majani yote ya mtaa huu ni meupe."

Nikabaki nimening'inia kwa viwiko. Vumbi. Nilikuwa nimeipulizia salfa vumbi. Nikatazama uani kwangu: mchicha mweupe, bamia nyeupe, kamba ya nguo nyeupe, hata ukingo wa ukuta chini ya kidevu changu. Nilikuwa nautazama siku zote nikaona ubwiri, kwa sababu maisha yangu yote weupe wa jani ulikuwa na jina moja.

"Usiwaambie watu," nikasema.

"Nimeshawaambia," akasema mtani.

Eda ilibaki siku ishirini na mbili. Sitasema nilitulia. Nilipanda juu ya ndoo kila asubuhi na kila alasiri, binti yangu akachoka kunikemea, akaniletea stuli ili angalau nisianguke. Nilikuwa napiga kelele juu ya ukuta: hilo la kushoto limekauka, lichume, litapasuka! Mtani anajibu hachumi kwa amri ya mtu aliyechoma kunde zake mwenyewe. Ganda moja lilipasuka kweli, mbegu zikatawanyika, nikamwona akiziokota kwa magoti, moja moja kwenye mchanga, na mimi kule juu nikimwonyesha kwa kidole: ile pale, na ile, chini ya kigoda.

Siku ya kutoka eda waliniogesha, wakanivisha kanga mpya, wakasoma dua. Binti yangu alikuwa ameita gari tukazuru kaburi. Nikamwambia gari lisubiri. Nikatoka getini, hatua kumi na nne, nikapiga hodi.

Alikuwa ananingoja kibarazani na chupa ya kahawia kama ile yangu, sijui aliitoa wapi. Ndani majivu mapya, na ndani ya majivu wekundu. Nikanyoosha mkono, akaiinua juu.

"Igomboe."

"Ubwabwa unapikwa nyumbani, utaletewa."

"Ubwabwa nimeshakula msibani. Wewe si unajisifu unajua majina ya watu wote? Nitajie mbegu hii imepita kwa nani na nani. Ukikosea mmoja naipika leo."

Binti yangu alikuwa amefika nyuma yangu, funguo za nyumba mkononi. Dereva akapiga honi. Nikasimama katikati ya mtaa nikaanza. Nikamtaja bibi wa mama yangu, aliyezikwa ng'ambo mahali ambapo sasa hapana mtu. Nikamtaja bibi yangu. Nikamtaja mama, kwa jina la unyagoni alilopewa na kwa jina la msikitini. Nikajitaja mwenyewe. Mtani akashusha mkono, nami nilikuwa sijamaliza. Nikamtaja na yeye, jina lake na la baba yake.

Akanitazama. "Umeniweka na maiti," akasema. "Mimi bado mzima!"

"Na mimi nimejitaja, nami ni mzima."

Akafungua chupa, akamimina kiganjani kama siku ile, akafunga pindoni sehemu yake, akanipa chupa. Nikaitikisa sikioni. Binti yangu aliniuliza ni za kupika leo? Nikamwambia hapana, aangalie mawingu yakianza kukaa upande wa kusini aniambie, maana siku hiyo sitakuwa na muda wa kuaga.